Nyama Iletwayo Usiku

Mama mpenzi, mwezi huu tunapenda kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo huku Chiwata, na kwa jirani zetu wa Masasi na Newala, husemwa kwa sauti ya chini. Ni ile nyama inayoletwa usiku, imefungwa vizuri, na bei yake ni nafuu kuliko ya buchani.

Tunajua kitoweo ni shida, hasa fedha za korosho zinapokwisha. Lakini tujiulize, nyama hiyo imetoka wapi? Upande wa Nanyumbu yapo mapori ya akiba ya Lukwika-Lumesule na Msanjesi. Mbali zaidi, kaskazini-magharibi, iko Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Wanyama hawajui mipaka. Tembo wa Selous hupita Namtumbo na Tunduru hadi mto Ruvuma, wakavuka kwenda Niassa, Msumbiji. Basi atakayeharibu mapito hayo kwa moto, shoka au mitego, ameidhuru hifadhi hata kama hajaikanyaga.

Hasara tumeiona. Mwaka 1976 tembo wa Selous walihesabiwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Ujangili wa pembe ndio uliowamaliza. Wanunuzi walikuwa mbali, lakini njia za porini huzijua vijana wa vijijini. Na waya anaotega kijana hauchagui: humnasa mnyama mwenye mimba, na humnasa anayenyonyesha, mtoto wake akafa kichakani kwa njaa.

Sasa tufikirie nyumba zetu. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, nyama ya porini isiyo na kibali ni nyara ya serikali. Wapo watu waliofungwa miaka 20 kwa kukutwa na nyara. Aliyekuuzia amekwisha kwenda zake. Chungu kiko jikoni kwako. Watoto watalelewa na nani?

Hatusemi kwamba wanyama hawatuudhi. Tembo akiingia shambani, jasho la msimu mzima hupotea usiku mmoja. Lakini dawa yake si kulipiza kwa waya. Toeni taarifa mapema kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, shamba likaguliwe na madai ya kifuta jasho yaandikwe.

Akina mama wenzetu, mwindaji hupiga hodi pale anapojua atafunguliwa. Tukikataa sisi, hana soko. Tufuge kuku, tupike mbaazi na kunde kwa nazi, wala tusione aibu kumpa mgeni mboga hiyo. Na mwanao akirudi na fedha usizojua zilikotoka, usizipokee kimya kimya. Muulize siku hiyo hiyo, kwa upole, baba yake akiwapo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.