Kampuni Haikupigwa na Radi

Wako watu, na baadhi yao ni walimu wa masomo ya biashara ambao ningetarajia mengine kutoka kwao, wanaoisimulia habari ya kampuni ya Coleco ya Marekani kana kwamba ni habari ya mtu aliyepigwa na radi. Husema kwamba kampuni ilitengeneza vitu vya watoto, na watoto hawana msimamo, leo wanapenda hiki na kesho kile, basi ikafilisika mwaka 1988. Amina, tufunge daftari. Maelezo hayo siyakubali hata kidogo. Yanawasafisha watu waliotenda kosa ambalo linatendwa mpaka leo, na wanaolilipia ni wazazi.

Tuanze na asili. Mwaka 1932 Maurice Greenberg, mhamiaji kutoka Urusi, alianzisha biashara mjini Hartford, jimbo la Connecticut, ya kuwauzia mafundi viatu ngozi na vifaa vya kazi yao. Iliitwa Connecticut Leather Company, na jina Coleco limekatwa humo. Katika miaka ya 1950 wakatengeneza vifurushi vya ngozi ambavyo mtoto alijishonea mwenyewe, kisha wakaingia katika plastiki na vidimbwi vya kuogelea watoto uani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ngozi wakaiacha kabisa. Sasa niambie, ndugu msomaji, kampuni iliyotoka kwenye ngozi ikaenda kwenye plastiki, na kwenye plastiki ikaenda kwenye umeme, inawezaje kusemwa kwamba haikujua kufuata mapenzi ya watu? Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka hamsini.

Mwaka 1976 walitoa Telstar, mchezo wa kuunganishwa na televisheni. Kampuni nyingi zilitaka kufanya hivyo hivyo mwaka huo, lakini Coleco walikuwa wamewahi kuagiza chipu, wakapata walizohitaji wakati wengine wanangoja. Hapo karibu wakwame. Kifaa chao kilishindwa katika ukaguzi wa serikali kwa sababu kilitoa mawimbi ya redio kupita kiasi. Ikabidi watafute msaada wa Ralph Baer, yule mhandisi aliyevumbua mchezo wa televisheni wa nyumbani, na dosari ikarekebishwa. Wakauza zaidi ya milioni moja. Nataka jambo hili lishikwe vizuri: kilichowaokoa ni kwamba mtu alisimama mlangoni akasema, hakiko tayari, kirudisheni. Miaka miwili baadaye walikuwa na shehena ya michezo iliyopitwa na wakati, na hasara yao ya 1978 ilizidi dola milioni 20, wala hawakufa.

Mwaka 1982 walitoa ColecoVision, ikiambatana na mchezo wa Donkey Kong wa kampuni ya Nintendo ya Japani. Ilikuwa mashine nzuri, sina la kuilaumu, na kufikia Krismasi ya mwaka huo walikuwa wameuza zaidi ya laki tano. Wangetulia hapo tusingekuwa na mjadala.

Lakini Juni 1983 walitangaza kompyuta, wakaiita Adam. Ilikuwa seti kamili: kompyuta yenyewe, kibodi, kaseti za kuhifadhia kazi, na mashine ya kuchapa iliyotoa herufi safi kama za taipureta. Ilitangazwa kwa dola 525. Ilipofika madukani ilikuwa zaidi ya dola 700. Waliahidi laki tano kabla ya Krismasi, zikatoka chini ya laki moja. Na zilizotoka! Umeme wa seti nzima ulipitia katika mashine ya kuchapa, hivyo ikiharibika hiyo, kompyuta nayo haiwaki. Ulipowasha kompyuta, mshtuko wa sumaku uliweza kufuta kaseti iliyokuwa ndani au karibu. Na vitabu vya mwanzo vya maelekezo vilimwambia mnunuzi atie kaseti kwanza ndipo awashe. Soma tena sentensi hiyo. Kitabu cha mwenye mali kinamwelekeza mtoto namna ya kufuta kazi yake mwenyewe.

Je, hilo ni radi? Ni jambo ambalo mtu mmoja mwenye kaseti moja na saa moja angeligundua. Ukaguzi wa serikali hutazama mawimbi ya redio. Hautazami kama insha ya mtoto itasalimika. Hapo mlangoni alipaswa kusimama mwenye kampuni mwenyewe, na yeye alikuwa akitazama kalenda ya Krismasi.

Nimeongoza chuo cha ualimu. Mwanachuo aliyeingia darasani siku ya mazoezi ya kufundisha na zana ambayo hakuijaribu jana yake, hatukumwuliza kama nia yake ilikuwa njema. Tulimrudisha kwenye andalio la somo. Watoto arobaini walikuwa wamekaa wakimngoja, na dakika arobaini zao hazirudi. Kanuni hiyo ya mwanachuo wa mwaka wa kwanza ndiyo iliyowashinda watu wa Hartford wenye mamilioni.

Na kinachonikera zaidi ni namna mali yenyewe ilivyouzwa. Mdoli huuzwa kwa furaha. Kompyuta za nyumbani zama zile ziliuzwa kwa hofu: mwanao ataachwa nyuma na wenzake. Mwaka 1984, Adam ilipokwisha kuchafuka jina, kampuni ilifika hadi kuwaahidi wanunuzi dola 500 za kumsaidia mtoto katika masomo ya chuo. Badala ya mashine inayofanya kazi, ahadi ya shule! Januari 1985 wakaitupa Adam moja kwa moja.

Mtetezi wao atanijibu kwa wale wanasesere wa Cabbage Patch. Haya. Walikuwa ubunifu wa Xavier Roberts wa Georgia, na Coleco wakawatengeneza kiwandani, kila mmoja na sura yake na hati yake ya kulelewa. Krismasi ya 1983 watu wazima walipigana madukani kwa ajili yao. Mwaka 1985 waliingiza takriban dola milioni 600. Ni kweli baadaye mapenzi yalipoa. Lakini tazama mwaka 1984: wanasesere wako kileleni, fedha zinamiminika, na bado kampuni inapata hasara ya takriban dola milioni 80, kwa sababu ya Adam. Mwaka wa neema uliliwa na mashine mbovu. Hata ghala la mtama likijaa, panya akiwa ndani utalia njaa.

Mwaka 1986 wakainunua kampuni ya Selchow & Righter, wenye Scrabble na Trivial Pursuit, wakati Trivial Pursuit imekwisha kupoa. Mwaka huo na uliofuata hasara ilizidi dola milioni 100 kila mmoja. Julai 1988 wakakimbilia ulinzi wa mahakama, na mwaka 1989 Hasbro wakanunua mabaki. Kazi zilizokuwa katika viwanda vya Amsterdam, jimbo la New York, zikapotea pamoja nao, na sijasikia mwalimu yeyote wa biashara akiwataja wafanyakazi hao.

Jina halikuzikwa. Mwaka 2015 lilikodishwa kwa watu waliotaka kuuza mashine mpya ya michezo iitwayo Coleco Chameleon. Walionyesha picha ya kifaa chao ndani ya kasha linaloonya, yaani la kupenyeza mwanga, ili watu waone kazi ilivyoendelea. Wapenzi wa michezo hiyo wakaikuza picha wakakagua. Kilichokuwamo ndani ni kadi ya zamani ya kunasia picha za kamera za ulinzi. Wenye jina wakataka kifaa kikaguliwe na wataalamu, na mradi ukafutwa mwezi Machi 2016.