SNEL: umeme unapita juu, giza linabaki kwa raia

Shirika la taifa la umeme, SNEL, liliundwa mwaka wa 1970. Ni mali ya serikali, maana yake ni mali ya raia. Lakini mpaka leo, kati ya Wakongomani watano, karibu wanne hawana umeme nyumbani.

Kuna wanaosema inchi ni maskini. Si kweli. Inga 1, iliyoanza kazi 1972, ilijengwa kutoa megawati 351. Inga 2, ya 1982, megawati 1,424. Wataalamu wanasema maji ya pale yanaweza kutoa hata zaidi ya megawati 40,000. Maji yako. Shida ni nani anayetangulizwa.

Angalieni ile njia ya nyaya kutoka Inga mpaka Kolwezi: kilometa karibu 1,700. Ilijengwa kwa ajili ya migodi ya Katanga. Vijiji vingi iliyovipita vinaona nguzo tu, taa hakuna. Na mpaka leo mgodi unaolipa kwa dola ndio unaosikilizwa kwanza. Shaba inaleta pesa, hakuna anayekataa. Lakini pesa hiyo ingewasha taa ngapi?

Huku Kivu, umeme wa Inga haufiki. Bukavu inategemea Ruzizi: Ruzizi 1 ni ya wakati wa ukoloni, na Ruzizi 2, ya 1989, Kongo inaigawana na Rwanda na Burundi. Mashine ikichoka, delestaji inaanza. Mama ananunua makala, na miti ya Virunga inaendelea kuanguka. Familia iliyokimbia vita ndiyo inayoumia zaidi: mama anaenda kutafuta kuni mahali penye watu wa silaha, na usiku binti anaogopa kwenda chooni kwa sababu ya giza.

SNEL itajibu kwamba vita inakata nyaya, kwamba watu wanajiunganisha kwa wizi, kwamba fakture hazilipwi. Kuna ukweli ndani yake. Lakini si vita iliyochora ile njia ya Kolwezi. Na katika wasiolipa fakture, ofisi za serikali zimo.

Sheria ya 2014 ilifungulia watu binafsi mlango. Matebe, kule Rutshuru, imeonyesha tangu 2015 kwamba mito ya Kivu inaweza kuwasha taa. Vizuri. Lakini mfanyabiashara anamuuzia mwenye pesa. Asiye nayo anabaki mikononi mwa serikali.

Sasa viongozi wanaimba Inga 3. Kabla ya kutia sahihi, waandike wazi sehemu ya raia ni megawati ngapi, na ya Kivu ni ngapi. Serikali ilipe kwanza fakture zake. Na vituo vya afya na kambi za wakimbizi vipate taa sasa. Taa ya choo cha kambi haihitaji kungojea Inga.