Shemeji amechoka na chipu: apande cheo, aache kazi au arudi nyumbani?

Ujumbe wa wiki hii umetoka mbali, Austin, Texas, kwa mama ambaye kwao ni Moshi. Ameomba nisimtaje jina. Mume wake ana miaka 46, na kwa miaka 20 amekuwa mhandisi wa kubuni chipu, zile za ndani ya simu na kompyuta, siyo chipsi mayai. Mwaka jana timu yake ilipunguzwa karibu nusu. Yeye alibaki, na kazi za walioondoka zikabaki naye. Sasa bosi anamtaka awe meneja, mwenyewe hataki. Saa tisa usiku yuko macho. Presha aliyopima duka la dawa ilisoma 150 kwa 95.

"Juzi aliwaambia watoto kwamba anaacha kila kitu, tunarudi nyumbani kufuga kuku," anaandika. "Binti yetu wa miaka 14 alilia usiku kucha. Mdogo wake ana miaka tisa, yeye aliuliza kama mbwa atapanda ndege. Mimi sijui nimwambie nini baba yao. Nisaidie, mdogo wangu."

Asante dada kwa kutuamini. Nimeuchukua ujumbe wako kwa sababu, ukitoa neno chipu, unawahusu wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu: umri umefika katikati, kazi uliyoisomea kwa jasho imekuchosha, na kuna watu nyumbani wanakula kutokana nayo.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wetu tunashika simu kutwa bila kujua aliyeibuni chipu yake anaishije. Kipande chenye ukubwa wa ukucha kinabeba swichi ndogondogo ziitwazo transista. Chipu ya M1 ambayo Apple iliitoa mwaka 2020 ina transista bilioni 16. Hakuna anayezichora moja moja kwa mkono. Wahandisi huandika kwa lugha ya kompyuta kile ambacho saketi inatakiwa kufanya, wengine hukagua kama kweli inafanya hivyo, wengine hupanga kila kitu mahali pake, na mwisho mchoro wote hukabidhiwa kiwandani. Hatua hiyo ya kukabidhi wenyewe huiita tepauti.

Baada ya tepauti hakuna kurudi nyuma kirahisi. Programu ya simu ikiwa na kosa, unaletewa toleo jipya ukiwa umelala. Kosa la ndani ya chipu mara nyingi linataka chipu itengenezwe upya, na hapo inaondoka miezi na mamilioni ya dola. Mwaka 1994 profesa wa hisabati wa Virginia, Thomas Nicely, aligundua kwamba chipu ya Pentium ilikuwa inakosea kidogo katika baadhi ya hesabu za kugawanya. Kosa dogo ambalo mimi na wewe tusingeliona hata tukikaa na kompyuta hiyo miaka kumi. Intel ilitenga dola milioni 475 kwa ajili yake.

Ndiyo maana wiki za kuelekea tepauti watu hawalali. Nikimsoma shemeji hapa simuoni mvivu, wala mtu aliyechanganyikiwa. Namuona mtu aliyezoezwa miaka 20 kwamba kosa moja halisameheki, kisha akaongezewa kazi za wenzake.

Mimi naandika habari za afya, kwa hiyo naomba nianzie hapo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza uchovu wa kazi uliopitiliza katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa. Lilikuwa makini, halikuuita ugonjwa. Lilisema ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, na likataja mambo matatu: nguvu kuisha, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kuona kwamba unachofanya hakina tija tena. Dada, soma ujumbe wako upya uone mangapi umeyaandika mwenyewe bila kujua.

Mwaka 2021 WHO na Shirika la Kazi Duniani, ILO, walitoa matokeo ya uchambuzi mkubwa wa tafiti kuhusu saa za kazi. Anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 17, ukimlinganisha na anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Hesabuni saa za shemeji kwa uaminifu, pamoja na zile za kompyuta mpakato mezani baada ya chakula cha usiku.

Kipimo kimoja cha duka la dawa hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Lakini 140 kwa 90 ikijirudia siku tofauti ni presha ya juu popote duniani, na huko Marekani madaktari huanza kuihesabu kwenye 130 kwa 80. Aende kwa daktari wiki hii, asisubiri chipu ikabidhiwe. Kama anakoroma sana na anaamka kichwa kizito, aseme na hilo, kwa sababu kuna tatizo la pumzi kukatika usingizini ambalo huendana na presha na watu hulidhania ni uchovu tu. Na siku atakayotamka kwamba hataki kuishi, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Namba ya kupiga huko ni 988.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kutoamua lolote kuhusu kazi kabla mwili haujapimwa na kupumzishwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 kuhusu likizo ya familia na matibabu inampa mfanyakazi hadi wiki 12 bila mshahara huku nafasi yake ikilindwa, kama daktari amethibitisha tatizo kubwa la kiafya, kama amefanya kazi hapo angalau mwaka mmoja na saa 1,250 ndani ya miezi 12 iliyopita, na kama kampuni ina wafanyakazi 50 au zaidi karibu na eneo lake. Bila mshahara ni pigo, najua. Lakini wiki tatu au nne za kulala zinaweza kukuonyesha kama mtu ameichoka kazi au amechoka tu. Kwa nje vinafanana, ila dawa zake haziko sawa.

Akishapumzika ndipo muulizane habari ya umeneja. Kwetu mtu akikataa cheo anaonekana ana kasoro. Hata ukoo utauliza. Lakini kazi ya meneja ni watu: vikao, bajeti, kumwambia mtu kwamba wiki ijayo asije. Kama kinachomkosesha shemeji usingizi ni sura za wenzake walioondolewa, cheo kitamwongezea sura nyingine. Kampuni nyingi kubwa za teknolojia zina ngazi ya pili kwa wataalamu wasiotaka kuongoza watu, ambako mhandisi hupanda vyeo na mshahara akibaki kwenye fani yake. Amuulize bosi waziwazi kama ngazi hiyo ipo kwao, na nani aliyewahi kuipanda akiwa na miaka 50. Jibu la swali la pili ndilo la kusikiliza.

Kuhusu akili mnemba nitasema kidogo. Ni kweli programu mpya zinafanya sehemu ya kazi ambayo zamani ilifanywa na vijana wa kukagua saketi. Ni kweli pia kwamba akili mnemba hiyohiyo inakula chipu kuliko kitu chochote kilichotangulia, na mtu anatakiwa kuzibuni. Sioni kama hiyo ni sababu ya kukimbia.

Wahandisi wa umri wa shemeji hupenda kusimuliwa habari za Morris Chang, nami nitaisimulia, ila naona huwa inasimuliwa vibaya. Chang alizaliwa China mwaka 1931, akaenda Marekani mwaka 1949. Alifeli mara mbili mtihani wa kumruhusu kuendelea na shahada ya uzamivu pale MIT, akaingia kazini. Alikaa Texas Instruments miaka 25, akapanda sana, kisha ikawa wazi kwamba kiti cha juu hatakipata. Aliondoka mwaka 1983 akiwa na miaka 52. Mwaka 1985 alikwenda Taiwan kwa mwaliko wa serikali, na mwaka 1987, umri miaka 55, akaanzisha TSMC, kiwanda cha kutengeneza chipu zilizobuniwa na wengine. Leo ndicho kinachotengeneza za Apple na Nvidia.

Wanaomsimulia husema: unaona, hujachelewa! Wanasahau mambo mawili. Hakuacha alichokijua akaenda kuanza upya. Alibeba miaka yake yote ya kiwandani akaiweka mahali papya. Na hakuweka akiba ya ada za watoto. Mtaji ulitoka kwa serikali ya Taiwan, kampuni ya Philips na wawekezaji wengine. Shemeji akitaka kufuata nyayo hizo, ajiulize miaka yake 20 inahitajika wapi kabla ya kuuliza bei ya vifaranga.

Lipo pia jambo ambalo hamkulipanga: kampuni inaweza kuamua kabla yenu. Agosti 2024 Intel peke yake ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 15,000. Kwa hiyo yajueni haya mapema. Huko Marekani mfanyakazi mwenye miaka 40 na kuendelea analindwa na sheria ya mwaka 1967 dhidi ya kubaguliwa kwa umri. Akipewa karatasi ya kusaini kwamba hatadai ubaguzi huo ili apate malipo ya kuondoka, ana siku 21 za kuifikiria, na siku 45 kama wanapunguzwa wengi kwa pamoja. Hata akisaini ana siku saba za kubadili mawazo. Asisaini mlangoni kwa hasira. Bima ya afya ya kazini, kwa kampuni yenye wafanyakazi 20 au zaidi, anaweza kuiendeleza kwa kawaida hadi miezi 18, ila atalipa gharama yote mwenyewe, ile ya mwajiri ikiwemo, na kidogo juu yake. Mtu mwenye presha hapaswi kukaa hata mwezi bila bima nchi ile.

Wewe dada umesema karatasi zenu za ukaazi ziko sawa, na hapo mna nafuu kubwa. Wasomaji wenye ndugu walio kwenye viza ya kazi ya H-1B wajue kwamba akipoteza kazi ana siku zisizozidi 60 kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi ya viza au kuondoka, na mke na watoto waliomfuata kwa viza hiyo wako kwenye saa hiyohiyo. Mtu wa namna hiyo halali usiku kwa sababu nyingine kabisa, msimchukulie kuwa anajidai.

Sasa watoto. Binti wa miaka 14 hakulilia kuku, amelilia kuambiwa maisha yake yanahama wakati baba amekasirika. Kaeni nao wote wawili, mchana, simu zikiwa mbali. Baba aseme kwa maneno yake kwamba amechoka, anakwenda kwa daktari, na hakuna kuhama kunakoamuliwa mwaka huu wa shule. Msiahidi msichoweza kutimiza. Mdogo naye aambiwe habari ya mbwa, kwa sababu kwake hilo ndilo swali lenyewe.

Na watu wa nyumbani. Hukuandika mnatuma kiasi gani, lakini nimekulia huku, najua simu za Jumapili zinakwendaje. Ada ya mtoto wa kaka, dawa za bibi, bati za nyumba ambayo haiishi. Walio huku wanaamini mhandisi wa Marekani hachoki. Shemeji akichukua likizo bila mshahara, ndugu waambiwe mapema, na waambiwe na yeye mwenyewe, siyo wewe. Ukiwaambia wewe utaitwa mke aliyefunga mkono wa mume. Dawa za bibi zisiguswe. Bati zinaweza kusubiri.

Nimeacha kurudi nyumbani mwisho kwa sababu silipingi. Ila kazi ya kubuni chipu kubwa kama anazozijua hataikuta Moshi. Kwa upande wetu wa dunia kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited huko Nyeri, Kenya, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na kuna vyuo vya uhandisi ambavyo vingefurahi kumpata mtu wa miaka 20 kazini awafundishe vijana, hata kwa mtandao akiwa hukohuko Austin. Barua pepe moja haimgharimu chochote.

Kama kuku ndiyo ndoto ya kweli, basi aje kwanza peke yake au mje wote, kwa wiki nne, bila kuuza nyumba wala kuaga kazini. Akae bandani na anayefuga tayari, aulize bei ya chakula cha kuku, ahesabu wangapi walikufa mwezi huo. Wewe zunguka shule, uliza ada, uone watoto watasomea wapi. Na mje Julai, msije Desemba. Desemba Moshi kila mtu yuko nyumbani, kila boma lina mbuzi wa kuchinja na anayetoka Marekani anapigiwa vigelegele. Julai kuna baridi, ndugu wako Dar es Salaam na Arusha kwenye shughuli zao, na mfugaji anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha majiko ya mkaa bandani vifaranga wasife.