Kwenda Kosele: simu inajua barabara, haijui matatu

Haya jamani, leo naweka kodi kando (kodi ya programu, si ile ya KRA) niongee kuhusu nauli.

Mtu wa Paris akitaka kwenda Lyon kwa basi, anaketi mbele ya tarakilishi dakika chache tu na kupata saa, bei, kituo na tiketi. Wala si mambo ya kale: Ufaransa ilizifungulia kampuni za mabasi safari ndefu za ndani mwaka 2015, kwa ile sheria ya Macron alipokuwa waziri wa uchumi.

Sasa mtu huyo aje Kosele. Simu itamchorea mstari kutoka Nairobi, kupitia Narok na Kisii au Nakuru na Kericho, kana kwamba ana gari lake. Asiye na gari je? Nani atamwambia kwamba Oyugis ndipo pa kuulizia? Kwamba matatu huondoka ikijaa? Kwamba Desemba nauli hupanda? Fikiria mama ameshuka saa tatu usiku, ana mtoto mgonjwa na mizigo miwili. Bei ni ile atakayotajiwa.

Wenzangu wa programu hujitetea kwamba matatu hazina ratiba, kwa hivyo haziwezi kuwekwa kwenye data. Nakataa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walizipanda na simu mkononi, wakarekodi njia na steji. Mradi wa Digital Matatus ukatoa ramani yake mwaka 2014 yenye njia zaidi ya 130, na mwaka 2015 zikaingia Google Maps. Walitumia GTFS, muundo uliozaliwa Portland, Marekani, mwaka 2005, kwa mabasi yanayofuata saa. Muundo huo unakuruhusu kuandika gari huja kila baada ya muda gani, badala ya saa kamili. Kwa hivyo tatizo si teknolojia. Tatizo ni kwamba kazi ile ilikuwa ya Nairobi, nasi watoto wa mashambani tunaandika programu za Westlands.

Makanga hawatafurahia nauli kuanikwa, najua. Basi nauli ingoje. Mimi ningeanza na steji, halafu saa ya gari la mwisho, na jibu lije kwa SMS, maana si kila simu ya nyumbani ina intaneti.