Mazungumzo ya Nyumbani: Nyama ya Kibudu



Mama mmoja wa Bombambili alinijia na swali. Jioni alipita mtu akiuza nyama kavu ya mwituni kwa bei ndogo. Mwuzaji alisema hakumwua mnyama yule. Alimkuta mtoni amekwisha kufa, naye hajaoza. "Mwalimu, nina watoto watano, na nyama kwetu si kitu cha kila siku. Nimekwisha kununua fungu moja. Nikilichemsha sana, litadhuru?"

Mama, swali lako ni la haki. Lakini sikiliza habari ya jirani zetu wa Kongo. Mwezi wa Aprili 2025, katika mbuga ya Virunga, viboko wasiopungua 50 walikutwa wamekufa katika mto Ishasha, na nyati pamoja nao. Hawakupigwa risasi, waliuawa na kimeta. Zamani viboko wa mbuga ile walipita 20,000. Vita na ujangili viliwapunguza hata wakabaki mia chache mwaka 2006. Walipoanza kuongezeka, ugonjwa ukawapata. Watu wa vijiji vya kando wakaonywa wasiguse wanyama wale, na maji ya kunywa wayachemshe.

Kimeta ni kijidudu kisichoonekana kwa macho. Mzoga ukipasuliwa, damu ikapata hewa, kijidudu hujifunga katika ganda gumu, kikakaa udongoni miaka makumi. Jua la kukaushia nyama halikiui, wala chungu cha nyumbani si cha kutegemewa. Tena ubaya hauanzi chunguni, huanza kwenye kisu. Mwenye kuchuna hutokwa na kipele cha kuwasha, kisha kidonda kisichouma, cheusi katikati. Mwenye kula huumwa tumbo, hutapika, huharisha damu, naye aweza kufa.

Basi, ukiona mnyama amekufa ghafula, damu yamtoka puani wala haigandi, usimguse, usimpasue, usimtupie mbwa. Mwambie mwenyekiti wa kijiji na bwana mifugo, ili mzoga uchomwe au ufukiwe shimo refu. Mwenye kidonda aende hospitali mara moja. Dawa ipo, nayo huponya akiwahi. Mwenye ng'ombe na mbuzi awachanje kila mwaka. Mwaka 1881 huko Ufaransa, Louis Pasteur alionyesha nguvu ya chanjo hiyo mbele ya watu: kondoo waliochanjwa walipona, wasiochanjwa walikufa.

Sheria ya Musa nayo iliwakataza Waisraeli kula mnyama aliyejifia.

Mama yule alisikitikia shilingi zake. Hata hivyo alilitia fungu lile motoni mpaka likawa majivu, akanawa mikono kwa sabuni, na watoto wakala ugali na maharage. Wote watano wakaamka wazima.