Mambo ya Nyumbani: Rahisi Huvunja Upishi

Wazee wetu wa Buhaya waliyeyusha chuma tangu miaka ipatayo 2,000 iliyopita, na jembe likivunjika lilirudi kwa mhunzi. Sisi tuliisahau adabu hiyo.

Birika letu la umeme lilikoma kuchemsha. Kila tulipolichomeka, fyuzi ya plagi ilikatika. Tukaihofia gharama ya fundi, tukatia kipande cha waya mahali pa fyuzi. Birika likachemka, nasi tukajisifu. Siku ya tatu mtoto akaligusa lingali likichemka, akarushwa na umeme hata ukutani. Alipona, lakini kosa lilikuwa letu.

Ndipo tulipokwenda kwa fundi hapa Kashozi. Akalifungua, akatuonyesha: koili ya kuchemshia ilikuwa imepasuka, na umeme ukaingia katika bati. Hapo kwanza waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, uliushusha chini, na fyuzi ikakatika ili kutuonya. Tulipomziba mdomo mlinzi huyo, waya wa ardhi ukaungua, na umeme wa volti 230 ukabaki katika birika.

Basi, enyi wazazi na waalimu, yafaa tushike haya. Chombo kikiharibika, kichomoeni kwanza. Mwambieni fundi yote, hata makosa yenu. Mpatane bei kabla ya kazi. Kifaa kibovu alichokitoa mkione, na chombo kijaribiwe mbele ya macho yenu. Akitaka kuukata waya wa ardhi, kichukueni mwende zenu. Na kazi ikiwa njema, mlipeni siku ile ile. Naye ana watoto.