Kenya ilivyochukua dhahabu na fedha, ubingwa ukaenda Ethiopia

SHABIKI wa soka amezoea jambo moja: mwenye pointi nyingi ndiye bingwa. Kwenye mbio za nyika ni kinyume, mwenye pointi chache ndiye anayebeba ubingwa, na uchungu wake Kenya inaujua.

Ilikuwa Machi 26, 2017, viwanja vya Kololo, Kampala, mbio za wakubwa wanaume za ubingwa wa dunia. Geoffrey Kamworor alimaliza wa kwanza, Mkenya mwenzake Leonard Barsoton wa pili. Kwa macho ya soka hapo ni mbili bila, mpira umekwisha. Wapi! Ubingwa wa timu ukaenda Ethiopia kwa pointi 21 dhidi ya 22.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila nchi inaingiza wakimbiaji hadi sita, lakini wanahesabiwa wanne wa kwanza kufika. Nafasi ya mtu ndiyo pointi zake: wa kwanza moja, wa kumi kumi. Timu zikilingana, anaangaliwa mtu wa nne wa kila upande, aliyetangulia ndiye anayeipa nchi yake ushindi.

Sasa rudi Kampala. Kamworor na Barsoton walikuwa na pointi tatu tu, ila Wakenya wawili waliofuata wakaleta 19. Ethiopia ilianza na Abadi Hadis, wa tatu, kisha wenzake watatu kwa pamoja wakaleta 18. Yaani Kenya ilikuwa na mastaa wawili, Ethiopia ilikuwa na kikosi.

Hata wa tano na wa sita si watalii. Pointi zao hazihesabiwi, lakini wakimaliza mbele ya mtu wa nne wa mpinzani, wanamsukuma nyuma na kumwongezea mzigo. Ni kazi ya kiungo mkabaji: hafungi, ila timu inashinda.

Siku hiyohiyo Joshua Cheptegei wa Uganda aliongoza hadi mzunguko wa mwisho, miguu ikagoma, akamaliza wa 30. Miaka miwili baadaye, Aarhus, Denmark, alishinda yeye, Jacob Kiplimo akawa wa pili, na safari hii nyuma yao kulikuwa na watu. Uganda 20, Kenya 43.

Kwa hiyo mbio za nyika zikirushwa tena, usizime runinga mshindi akishavuka utepe. Ubingwa wa timu bado uko njiani, unakuja na mtu wa nne.